Jiwe Chini ya Matawi

Gari lilikuwa la mjomba Stanslaus, na mjomba Stanslaus ni mtu ambaye hata kalamu akikuazima anabaki na kifuniko, ili usisahau kurudisha. Asubuhi ile ya Jumamosi aliponikabidhi ufunguo wa Noah yake pale kwake Bunda, hakuwa na kifuniko cha kubaki nacho. Akalizunguka gari mara mbili akilipapasa kama ng'ombe anayepelekwa mnadani.

"Evance," akasema, "hii gari haijawahi kukohoa."

"Mjomba, hata mimi sina kifua."

Hakucheka. Watu wenye magari hawachekagi asubuhi.

Tulikuwa tunakwenda Butiama kwa mzee Mwandu, kuzungumza mahari ya binti yake Dorah. Dorah anauza dawa katika duka moja Bweri, Musoma. Nilikwenda kununua dawa ya mafua nikarudi na namba yake ya simu, mafua nikayaacha yapone yenyewe. Mimi nina kibanda cha stationari Bunda, nyuma ya stendi: natoa kopi, napiga picha za pasipoti, naandika barua za kuomba kazi za watu wasiojua kwamba mwandishi wao naye aliomba kazi akakosa. Miaka miwili tumependana kwa nauli ya kila Jumapili. Kilichobaki kilikuwa neno moja la baba yake, na hilo neno ndilo lilikuwa linaninyima usingizi.

Mzee Mwandu aliendesha malori miaka thelathini na moja, Mwanza kwenda Sirari, Sirari kurudi Mwanza, na hajawahi kugonga hata kuku. Amestaafu na shingo inayogeuka kwa shida na maoni makali juu ya vijana. Kabla yangu alikuja mwalimu mmoja kutoka Nyegina, kijana wa watu, ana ajira, ana ng'ombe. Mzee akamkubali Jumamosi. Jumatatu akamwona kwenye mlima analipita lori kwa pikipiki. Jumanne akarudisha posa. "Simtoi binti yangu akawe mjane," alisema, na mwalimu wa watu anasimuliwa mpaka leo.

Kwa hiyo mpango wangu ulikuwa mzuri kabisa. Niingie ule uwanja mwenyewe, nikiwa kwenye usukani, taratibu kama bibi harusi, niwashe indiketa hata pasipo na kona. Mzee aone kwa macho yake.

Tulikuwa watatu kwenye gari. Mbele, pembeni yangu, baba mkubwa Bernado, kaka yake marehemu baba, ndiye msemaji wetu. Nyuma shangazi Adventina, dada yao, aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili. Alikuwa amekumbatia kapu la mchele na sukari, na mkanda hakufunga kwa sababu mkanda unakunja kitenge.

Kwetu mwoaji anakwenda kwenye mazungumzo ya mahari lakini mdomo anauacha nyumbani. Anakaa, anaangalia vidole vya miguu. Akisema neno, hata "asante", upande wake unapigwa faini. Kwa mtu kama mimi hiyo siyo mila, ni kifungo. Na kuna hii nyingine ambayo baba mkubwa alikuwa anairudia tangu Alhamisi: safari ya mahari ikipata ajali njiani, mnageuza. Wazee wanasemaga njia imekataa.

Tulitakiwa Butiama saa nne kamili. Tulitoka Bunda saa mbili na dakika arobaini badala ya saa moja na nusu, kwa sababu baba mkubwa hakutaka kuondoka bila koti lake jeusi, na koti lilikuwa kwa fundi cherehani, na fundi alikuwa msibani.

"Yule mzee anahesabu dakika," baba mkubwa akasema tukiingia barabarani, kana kwamba koti lilikuwa langu.

Balili tukalipita Fuso moja limejaa vijana wenye jezi za kijani. Walikuwa wamechukua kombe Bunda siku iliyotangulia, na kombe lenyewe ni mbuzi. Mbuzi amesimama juu ya keria amevalishwa jezi namba tisa, anaangalia mbele kama mtu aliyelipa nauli. Fuso zima walikuwa wamelivalisha matawi mabichi, ubavuni, kwenye vioo, mpaka huwezi kujua dereva anaona wapi. Nikawapigia honi, wakajibu kwa filimbi. Roho yangu ikachangamka.

Kiabakari askari wa barabarani akatusimamisha. Hakuwa na neno, alitaka kuona leseni na pembetatu. Pembetatu ilikuwepo, iko ndani ya nailoni yake, mjomba hajawahi kuifungua. Lakini kuna magari matano mbele yetu nao wanatafuta pembetatu zao, na nilivyokuwa nakaa pale nikipigapiga usukani kwa vidole, Fuso la mbuzi likatupita likiimba.

"Saa tatu na dakika kumi," baba mkubwa akasema.

"Naiona saa, baba."

"Sijasema huioni."

Tulipoachiwa nikaachia na mimi. Makutano tukakata kulia kushika njia ya Butiama, mshale wa spidi umepita mahali ambapo mjomba huwa anaishia. Hapo matawi yakaanza kuonekana barabarani. Moja hapa, mbele kidogo jingine, yanadondoka kutoka kwenye lile Fuso. Nikaanza kuyakanyaga. Nikiulizwa sababu sina. Labda mtu aliyechelewa anatafuta kitu cha kukifanyia jeuri. Tairi ikipita juu ya majani mabichi inatoa mlio fulani, chwaa, kama mtu anatafuna muwa, na kila mlio nilisikia kama nimeokoa dakika.

"Evance, punguza," shangazi akasema.

"Shangazi, hayo ni maua tunamwagiwa."

"Mwache," baba mkubwa akasema. "Tukipigwa faini ya kuchelewa utaitoa wewe?"

Chwaa. Chwaa. Nilikuwa nayahesabu sasa. La saba lilikuwa pembeni kabisa, nikalifuata hukohuko pembeni.

"Punguza, mwanangu. Tutafika."

"Kufika tutafika. Swali ni saa ngapi."

Sasa, mtoto yeyote aliyekulia kando ya barabara hizi anajua jambo hili. Gari likiharibika, utingo anakata matawi anayalaza njiani, moja, hatua kadhaa jingine, hatua kadhaa jingine, kumwambia anayekuja kwamba mbele kuna shida. Pembetatu zinakaaga kwenye nailoni, matawi ndiyo yanafanya kazi. Nalijua hilo tangu sijaota meno. Lakini nilikuwa nimeshakanyaga matawi kumi na moja ya furaha, na la kumi na mbili lilifanana nayo kama pacha.

Yalikuwa matatu, kwenye kona, kabla ya mteremko.

"Evance," shangazi akasema, na safari hii sauti ilikuwa karibu na sikio langu, alikuwa amesogea mbele akashika kiti cha baba mkubwa. "Hayo hayakuanguka. Hayo yamewekwa. Punguza."

"Wamejichorea mstari wa penalti," nikasema, na nikalilenga lile kubwa la mwisho, lililokuwa katikati ya njia.

Chini yake kulikuwa na jiwe.

Nilikuja kulipima baadaye kwa macho: ukubwa wa kichwa cha ng'ombe. Ndiyo yale mawe ambayo lori likikwama wanaegemeza tairi lisirudi nyuma, likipona wanapanda wanaondoka, jiwe wanamwachia Mungu. Huyu aliyeacha hili alikuwa na huruma nusu. Hakulisogeza, ila alililazia tawi juu ili watu waone. Na kweli niliona.

Mlio haukuwa chwaa. Gari liliruka, likatua, likatoa sauti kama sufuria imeburutwa kwenye sakafu, usukani ukanichomoka mikononi, tukaenda upandeupande mpaka majani marefu yakatupokea. Injini ikazima. Kisha oili ikaanza kutiririka chini, taratibu, kama mtu anakojoa bila haraka.

Nikageuka nyuma. Shangazi alikuwa amekaa chini kati ya viti, mchele mapajani, ameshika paji la uso. Alikuwa amekigonga kile chuma cha kiti cha mbele.

"Shangazi."

"Nipo."

"Umeumia?"

"Mchele umemwagika," akasema.

Nikashuka nikachungulia. Sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, imepasuka mpaka ningeweza kuingiza ngumi. Bampa limebaki nyuma barabarani limelala na tawi lake. Tairi la kushoto linaangalia Musoma, la kulia Butiama. Nikaenda kwenye lile jiwe nikalipiga teke, nikaumia kidole, nikarudi nachechemea. Hayo ndiyo yalikuwa mawasiliano yetu yote mimi na lile jiwe.

Baba mkubwa alikuwa amesimama kwenye majani, koti jeusi, mikono nyuma. Akatazama gari, akatazama barabara juu na chini.

"Njia imekataa," akasema.

Kurudi maana yake ni kueleza kwa nini tumerudi, na kueleza kwa yule mzee maana yake ni mwalimu wa Nyegina kupata mwenzake wa kusimuliwa naye.

Akakohoa. "Lakini njia ikikataa na hakuna aliyeona, imekataa kwa nani?"

Kama ningekuwa mtu mwema ningesema turudi. Nilisema, "Hakuna aliyeona, baba."

Tukaisukuma Noah zaidi ndani ya majani. Nikakata matawi nikayapanga nyuma yake kwa mstari mzuri, hatua kumi kumi, nimekuwa mstaarabu. Shangazi alikaa kwenye jiwe jingine akijitazama kwenye kioo cha simu. Nundu ilikuwa imeanza kutokeza juu ya jicho la kulia.

"Hospitali kwanza," nikamwambia.

"Mimi nisiharibu siku yako kwa kinundu." Akafungua kilemba akakifunga upya, chini zaidi, mpaka kwenye nyusi. "Naonekanaje hivi?"

"Kama malkia aliyekopa."

Akacheka, akashika kichwa. Nikaona alivyoshika, nikaangalia pembeni.

Kwa bahati, kama hiyo ndiyo bahati, ikaja Canter ya dagaa kutoka Musoma. Shangazi akapewa nafasi mbele. Baba mkubwa na mimi tukapanda juu ya magunia, yeye na koti lake, mimi na suti niliyoishonesha kwa siku hiyo. Kama hujawahi kukaa juu ya dagaa kwenye jua la saa nne, nakuombea usipate nafasi hiyo siku ya kuomba mke.

Kwa mzee Mwandu tuliingia saa nne na dakika hamsini. Mzee alikuwa amesimama getini, mrefu, shati jeupe, saa mkononi. Shingo haigeuki, kwa hiyo akageuka mwili mzima kututazama tukishuka.

"Gari lenu?" akauliza baada ya salamu.

"Noah imepata pancha, mkwe," baba mkubwa akasema.

"Noah haina spea?"

"Spea nayo ilikuwa na pancha."

Mzee akavuta hewa puani, nadhani ili afikiri, akakutana na harufu yetu, akakatisha. Tukapigwa faini ya kreti mbili za soda kwa kuchelewa, tukakaribishwa kwenye mabenchi. Akatuomba radhi kwamba viti na turubai vinatoka Musoma na mwanawe Pastory, kaka yake Dorah, naye lori lilimsumbua asubuhi njiani wakati anakwenda kuvifuata.

Nilisikia hilo neno, lori kusumbua njiani. Lilinigonga kichwani likapita. Nilikuwa na kazi ya kuangalia vidole vya miguu, na kimoja kilikuwa kimevimba.

Mazungumzo yakaanza. Kukaa bila kusema ni kazi ya sulubu. Miguu yangu ilikuwa inacheza yenyewe. Kila pikipiki ikipita barabarani nashtuka. Nikimwangalia baba mkubwa, anaongea kama padri, ng'ombe hivi, mbuzi hivi, blanketi la bibi. Nikimwangalia shangazi, amekaa mkao mmoja, anatabasamu mahali pasipo na kitu cha kuchekesha. Akaomba maji. Akaomba tena. Mbele ya mlango wa jikoni nilimwona Dorah akipita na sinia, akamtazama shangazi mara moja, akamtazama mara ya pili, akanitazama mimi. Nikarudi kwenye vidole.

Tulikuwa tumefika ng'ombe tisa. Mzee Mwandu anataka kumi, baba mkubwa amesimama kwenye tisa na moja wa kufuata baadaye, na mzee alikuwa amenyamaza kwa ule unyamavu wa mtu anayekaribia kusema sawa. Ndipo lori likaingia na viti.

Pastory akaruka chini anacheka. Ni kijana mnene mwenye sauti ya mnadani. Akasalimia wazee, akavua kofia, na kicheko hakijamwisha.

"Samahani kwa kuchelewa, wazee, ila njiani nimekuta sinema. Kuna Noah imelala majanini pale konani, oili yote chini, bampa barabarani. Mtu kaona matawi, kayaona kabisa, kapanda juu yake pamoja na jiwe lililokuwa chini. Yaani kuna watu leseni wamepewa pamoja na uji kliniki."

Watu wakacheka. Baba mkubwa akacheka pia, akinikanyaga mguu, ule wenye kidole.

Mzee Mwandu hakucheka. "Noah?" akasema. Akageuza mwili wote upande wetu. "Rangi gani?"

"Ya fedha, baba. Ila ngoja, kizuri zaidi, kapanga matawi nyuma yake baada ya ajali. Amejifunza."

"Sisi pancha yetu ilikuwa huku Kiabakari," baba mkubwa akasema, kabla hajaulizwa.

Hapo shangazi akaegemea upande wangu. Mkono wake ulikuwa wa baridi na una jasho.

"Magesa," akaniambia, taratibu, "zima hiyo redio."

Redio haikuwepo. Na Magesa ni baba yangu, aliyekufa mimi nikiwa darasa la pili.

Nakwambia ukweli, kwa nukta moja nilifikiria. Neno la mzee lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi wake, lilihitaji kuuvuka uongo mmoja mdogo tu. Shangazi angeweza kuvumilia nusu saa. Amenivumilia miaka kumi na minane. Nilifikiria hivyo, kwa nukta moja, na sijawahi kumwambia mtu mpaka naandika hapa.

Nikasimama.

"Kaa," baba mkubwa akasema bila kufungua meno.

"Gari ni letu, baba," nikamwambia mzee Mwandu. "Nilikuwa naendesha mimi. Shangazi kagonga kichwa, kaficha chini ya kilemba kwa ajili yangu, na sasa ananiita jina la marehemu. Naomba gari la kumpeleka hospitali. Faini nitalipa zote."

Kuku mmoja alipita katikati yetu na shughuli zake.

Dorah ndiye aliyetoka jikoni. Hakunitazama. Akapiga magoti mbele ya shangazi, akamfungua kilemba, na nundu ikaonekana, ya bluu, imekomaa kama yai la bata.

"Saa ngapi ilikuwa?" akauliza.

"Saa tatu na nusu."

"Ametapika?"

"Sijui."

"Nimetapika kidogo," shangazi akasema, "kwenye gari la dagaa. Dereva hakujua tofauti."

Mzee Mwandu alikuwa ameshasimama anatafuta ufunguo mfukoni. Lakini kabla hajauvuta akamgeukia mwanawe, mwili mzima. "Jiwe lilikuwa la nani?"

Kicheko cha Pastory kilikuwa kimekwisha. "Asubuhi tulikwama, baba. Tuliegemeza."

"Ukaliacha."

"Nililiwekea tawi."

"Ulivyopita sasa hivi, ukacheka. Uliliondoa?"

"Hapana, baba."

"Na wewe," akanigeukia, "uliliondoa?"

"Nililipiga teke."

"Nimekuuliza uliliondoa."

"Hapana."

Akatutazama sisi wawili, mmoja baada ya mwingine, kama tairi mbili zilizoisha. "Pastory, nenda kaliondoe. Acha ufunguo wa lori hapo juu ya benchi. Utakwenda kwa miguu."

Mzee ana pikapu ya zamani, ya kijani, mlango mmoja unafungwa kwa kamba. Shangazi akakaa mbele, Dorah katikati akimshikilia, mimi na baba mkubwa nyuma kwenye bodi. Na mzee Mwandu akaendesha.

Sijui kama ninyi mmewahi kuendeshwa na mtu wa namna hiyo. Kila shimo alilisogelea kama mtu anayebisha hodi. Kwenye tuta alisimama kabisa, akateremsha tairi la kwanza, akasubiri, akateremsha la pili. Baiskeli ikatupita. Mama mwenye ndoo kichwani alitembea sambamba na sisi mpaka tukamjua kwa jina. Nilikuwa nimesimama nimeshika keria, kila kitu mwilini kinasukuma mbele, nataka kupiga bodi, nataka kusema baba kanyaga, shangazi yangu anakufa. Na ndani ya pikapu naona kichwa cha shangazi kimetulia begani kwa Dorah, hakitikisiki hata kidogo. Nikaumeza mdomo wangu.

Dorah akafungua kile kidirisha cha nyuma.

"Kuna mtu alikuambia upunguze?" akauliza.

"Ndiyo."

"Nani?"

"Yeye."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Akafunga kidirisha.

Hospitali walimlaza mpaka kesho yake. Daktari alisema ubongo umetikisika, haujapasuka, apumzike, asipewe kelele, na mimi nikaambiwa nikae nje kwa sababu miguu yangu ilikuwa inapiga kelele sakafuni. Jioni mzee Mwandu akaja akakaa kwenye benchi pembeni yangu.

"Mwalimu wa Nyegina," akasema, "nilimwuliza kama kweli alipita lori mlimani. Akasema siyo yeye, ni pikipiki iliyofanana na yake."

Nikangoja. Nilikuwa najifunza.

"Kwa hiyo jibu la mwalimu sikupi. Na jibu la ndiyo sikupi. Binti yangu atakaa kwenye gari lako miaka mingi, mimi nitakuwa sipo kumshikia usukani. Huyu mama aliyelala humo ndiye amekaa kwenye gari lako. Siku atakapokubali kupanda chombo unachoendesha wewe, kwa hiari yake, akaniambia kwa mdomo wake, siku hiyo mje. Mazungumzo yataanzia kwenye ng'ombe tisa."

"Na kama atachelewa kukubali, baba?"

"Wewe si ndiye mwenye haraka," akasema, akainuka.

Hiyo ni wiki ya saba sasa. Noah ya mjomba iko Musoma kwa fundi Rashidi, ambaye kila Ijumaa anagundua kitu kingine kilichovunjika, na bei ya sampo peke yake ilinifanya niuze mashine yangu kubwa ya kopi. Mjomba hanisalimii, ananipungia kifuniko cha kalamu. Baba mkubwa alinyamaza wiki mbili, kisha akasema kwamba yeye tangu mwanzo alisema njia imekataa.

Shangazi amepona, nundu imeisha, na amekuwa mtu mkubwa ghafla. Wakwe wanampigia simu kumjulia hali. Mzee Mwandu mwenyewe anampigia Jumapili baada ya misa, wanaongea matuta na mashimo.

Mimi nimenunua baiskeli ya mtumba, kwa sababu mzee alisema chombo, hakusema gari. Nimeifungia kiti cha nyuma chenye godoro. Kila asubuhi kabla sijafungua kibanda naisimamisha mlangoni kwake.

"Leo je, shangazi?"

"Leo nina maharage jikoni."

Kesho yake: "Leo je?"

"Leo kuna upepo."

Jumatano iliyopita aliishika usukani, akabonyeza breki zote mbili, akainama akaangalia raba zake moja moja kama daktari wa meno, akarudi ndani. Mimi usiku silali, mchana nakosea kopi. Juzi nimemtolea mtu cheti cha kuzaliwa kichwa chini. Dorah ananiandikia ujumbe mmoja tu kwa siku, saa tatu asubuhi: "Amepanda?" Namjibu: "Maharage." Namjibu: "Upepo."

Jana shangazi hakutaja maharage wala upepo. Alitoka na kilemba, akafunga mlango, akakaa kwenye godoro upandeupande, mkono mmoja kiunoni kwangu. Nikakanyaga. Kutoka mlangoni kwake mpaka bombani ni kama mita mia mbili, na niliziendesha zote kwa mwendo ambao mtoto wa jirani, anayejifunza kutembea, alitukaribia vibaya sana. Watu wa foleni ya maji wakatushangilia kama timu ya mbuzi. Sikugeuka, macho yangu yalikuwa ardhini, natafuta kila jani.

Bombani akashuka, akanyoosha kitenge.

Nikamtumia Dorah: "Amepanda. Mpaka bombani."

Jibu lilichukua muda. Nilijua simu iko mkononi mwa nani.

"Baba anauliza, na kurudi?"

Nikamwangalia shangazi, alikuwa ameshafika katikati ya njia, anatembea zake polepole, pembeni kabisa.

"Kurudi," nikaandika, "kasema atatembea."